Lutaaya aliimba kifo chake ili wengine waishi

Nyimbo za kifo si jambo geni kwa watu wa Afrika Mashariki. Kuna tenzi za zamani za pwani zinazomkumbusha binadamu kaburi, kuna nyimbo za matanga, na hata wanamuziki wa densi wamewahi kuligusa jambo hilo. Marehemu Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyepata umaarufu nchini Tanzania akiwa na bendi ya Super Matimila, alikuwa na wimbo mzima uitwao Kifo. Lakini nyimbo hizo karibu zote huzungumzia kifo cha watu wengine, au kifo kwa jumla. Ni nadra kumpata msanii anayesimama mbele ya umma, akiwa bado anatembea kwa miguu yake mwenyewe, akasema: mimi ni mgonjwa, ugonjwa wangu ni huu, na dawa yake haipo.

Mwanamuziki wa Uganda, marehemu Philly Bongoley Lutaaya, alifanya hivyo mwaka 1989. Alitangaza hadharani kwamba ana Ukimwi, kisha akatumia nguvu zilizobaki mwilini mwake kutunga na kurekodi nyimbo kuhusu maradhi hayo. Albamu hiyo ya mwisho, Alone and Frightened, jina ambalo maana yake ni "peke yangu na mwenye hofu", bado inakumbukwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Wiki hii ningependa msomaji wangu tuisikilize kwa sikio la kitabibu, kwa sababu mambo mawili yanayotajwa katika jina hilo, upweke na hofu, yanaendelea kuwaua watu hata sasa ambapo dawa zipo.

Alikuwa nani?

Lutaaya alizaliwa Oktoba 1951. Alianza muziki akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, akapiga na bendi mbalimbali nyumbani kwao na katika nchi jirani, ikiwemo Kenya. Katika miaka ya 1980 alihamia Stockholm, Uswidi, na huko ndiko alikotoa albamu iliyomjengea jina kama msanii anayesimama peke yake, Born in Africa. Waganda wanamkumbuka pia kwa nyimbo za Krismasi ambazo hupigwa redioni kila Desemba.

Mnamo Aprili 1989 aliwatangazia Waganda habari zake. Alikuwa mtu wa kwanza mashuhuri nchini humo kufanya hivyo. Baada ya hapo hakujificha. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza na vijana, huku wapiga picha wakimfuata kutengeneza filamu ambayo baadaye ilionyeshwa katika nchi nyingi. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38. Tangu siku ya kutangaza hadi siku ya kufa ilipita miezi minane hivi.

Mbona walisema ni mwongo?

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wengi hawakumwamini. Walisema anatafuta umaarufu, au anataka kuuza kanda zake. Sababu yao kubwa ilikuwa moja: alionekana mwenye afya. Wakati huo Waganda walikuwa wameuzoea ugonjwa huo kwa jina la "Slim", yaani ule wa kukondesha. Mtu wa Ukimwi kwa macho ya watu alikuwa mifupa na ngozi. Mwanamume aliyevaa vizuri, anayeimba jukwaani, angewezaje kuwa mgonjwa?

Hapa pana somo la kwanza la kitabibu, na wagonjwa wangu wengi bado hawajalishika. Virusi vya Ukimwi vinapoingia mwilini, mtu anaweza kupata homa, koo linalouma au upele kwa wiki moja au mbili, kisha yote yakaisha na akasahau. Baada ya hapo huja kipindi kirefu cha kimya. Bila dawa, kipindi hicho kwa watu wazima huchukua miaka 8 hadi 10 kwa wastani, ingawa kwa wengine huwa kifupi zaidi. Katika miaka hiyo mtu hula, hufanya kazi, huoa au huolewa, huzaa, na hunawiri. Ndani kwa ndani virusi vinaendelea kuharibu chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni kama makamanda wa jeshi la kinga ya mwili. Zinaposhuka chini ya 200 katika kila tone dogo la damu linalopimwa, ndipo magonjwa nyemelezi hupata mlango: kifua kikuu, nimonia, fangasi za koo, na uti wa mgongo wa aina ya kriptokokasi.

Kwa hivyo kumtazama mtu usoni si kumpima. Hata daktari mwenye uzoefu wa miaka 20 hawezi kujua kwa macho. Njia ni moja tu, damu, au majimaji ya kinywa kwa vile vipimo vya kujipima mwenyewe.

Zama zisizokuwa na dawa

Ili kuuelewa ujasiri wa Lutaaya, vijana wa leo lazima waelezwe hali ilivyokuwa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Marekani mnamo Juni 1981. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Ufaransa. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alithibitishwa mwaka 1984. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani mnamo Machi 1987. Ilikuwa ghali mno, na ikitumiwa peke yake virusi huizoea baada ya muda. Tiba ya kuchanganya dawa tatu kwa pamoja, ambayo ndiyo iliyogeuza mambo, haikupatikana mpaka mwaka 1996, na hata hapo ilikuwa ya matajiri. Lutaaya alikuwa amekwisha kuzikwa miaka saba.

Wanamuziki wengine pia waliuona moto huo. Mwaka 1987 Franco wa T.P.O.K. Jazz alitoa wimbo mrefu wa kutahadharisha watu, Attention na SIDA. Franco mwenyewe alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, miezi miwili kabla ya Lutaaya, na uvumi ukavuma kila mahali juu ya kilichomuua. Uvumi huo tuuache palepale. Ugonjwa wa mtu ni siri yake na daktari wake, na maiti hapimwi kwa porojo za baa. Remmy Ongala naye aliimba Mambo kwa Soksi mwaka 1990, akihimiza matumizi ya mipira ya kondomu, lakini Radio Tanzania ilikataa kuupiga.

Tofauti ya Lutaaya ni kwamba hakuonya kama mwalimu anayesimama nje ya darasa. Alisema "mimi". Katika nyimbo hizo ugonjwa si habari ya jirani wala adhabu ya waovu. Ni usiku wa mtu mmoja aliyelala chumbani mwake, anayejua kwamba mwili wake unamwacha, na ambaye anawaomba walio hai wasimkimbie.

Upweke kama ugonjwa

Kwa nini daktari ajishughulishe na upweke? Kwa sababu upweke una njia zake za kuua.

Kwanza, mtu mwenye hofu ya kutengwa hapimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mtu mzima mmoja kati ya 20, yaani asilimia 4.9, alikuwa akiishi na virusi, wanawake asilimia 6.6 na wanaume asilimia 3.1. Kati ya watu hao, takriban mmoja katika kila watano hakujua hali yake. Wanaume ndio waliokuwa nyuma zaidi kujua. Ukiniuliza kama daktari, nitakwambia mwanamume haogopi sindano. Anaogopa macho ya watu walioketi kwenye benchi.

Pili, mtu mwenye hofu huchelewa. Huja kliniki akiwa anakohoa miezi mitatu, amepungua kilo 12, na amekwisha kupita kwa waganga na maduka matatu ya dawa. Kifua kikuu, ambacho kinatibika, bado ndicho kinachoongoza katika kuwaua watu wenye virusi duniani. Wengi wao hufa kwa kuchelewa tu.

Tatu, mtu mwenye hofu hukatiza dawa. Anaficha vidonge ndani ya gunia la unga au kwenye kiatu ili mke au mume asivione. Siku mgeni akilala chumbani, dozi inaruka. Dozi zikiruka mara kwa mara, virusi hujifunza kuishinda dawa.

Hapa kwetu Laiser Hill na Kitengela hali hiyo tunaiona kwa namna yake. Huu ni mji wa wapangaji. Watu wametoka kila pembe ya nchi kuja kufanya kazi Nairobi, katika viwanda vya saruji na vya nguo upande wa Athi River, na katika biashara za barabara ya Namanga ambamo malori ya Tanzania hupita mchana na usiku. Mpangaji huyu hana shangazi wa karibu wa kumwambia siri. Majirani wa ploti hajui kama ni marafiki au ni wasengenyaji. Basi anapanda matatu hadi Machakos au Nairobi kuchukua dawa ambazo angezipata bila malipo katika hospitali ya Kitengela, umbali wa kutembea kwa miguu. Siku nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana.

Upande wa pili wa kaunti yetu, kwa wafugaji wa Kajiado, kuna desturi ya wazee wa Kimaasai kutolitaja jina la marehemu. Ninaiheshimu desturi hiyo, kwani kimya chake ni cha heshima na kinahusu waliokwisha kwenda. Kimya kinachoua ni kile cha aibu, kinachomfunika mtu angali hai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wasomaji wa magazeti katika miaka ya 1990 watakumbuka yale matangazo ya vifo yaliyosema tu kwamba marehemu aliaga "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Kila mtu alielewa, na hakuna aliyesema. Kurasa zilijaa picha za vijana wa miaka 28 na 30. Haikuwa mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa.

Uganda ilivunja kimya mapema kidogo. Mwaka 1987, Bi. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago ambaye mumewe Christopher alikuwa amefariki kwa Ukimwi Januari mwaka huo, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO la kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Lutaaya alipozungumza miaka miwili baadaye, watu waliotishika kwa habari zake walikuwa na mahali pa kwenda. Nataka hili lieleweke vizuri. Wimbo peke yake hautibu mtu. Lakini wimbo uliokutana na mlango ulio wazi unaweza kumsukuma mtu aingie. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1990 na mwaka 2001, kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima wa Uganda kilishuka kutoka takriban asilimia 15 hadi takriban asilimia 5. Mambo mengi yalichangia, vifo vyenyewe vikiwemo, na mojawapo lilikuwa watu kulitaja jambo kwa jina lake.

Watu wawili, enzi moja

Hapa Kenya tulikuwa na mtu wetu. Bw. Joe Muriuki, aliyekuwa akifanya kazi katika Baraza la Jiji la Nairobi, alipimwa na kukutwa na virusi mwaka 1987, na anatajwa kuwa Mkenya wa kwanza kujitokeza hadharani. Wakati huo madaktari hawakuwa na la kumpa. Hata hivyo Bw. Muriuki aliishi hadi mwaka 2022. Hiyo ni miaka 35 baada ya kupimwa.

Mlinganishe na Lutaaya. Wote wawili walijitokeza, wote walidhihakiwa. Mmoja alikufa kabla ya dawa kufika, mwingine dawa zikamkuta angali hai. Sidai kwamba kujitokeza ndiko kulikomwokoa Bw. Muriuki, maana miili hutofautiana na bahati nayo ipo. Lakini anatuonyesha kwamba umbali kati ya hukumu ya kifo na maisha ya kawaida ulikuwa ni wa miaka michache tu, na kwamba sisi wa leo tuko upande mzuri wa mstari huo.

Leo mambo yakoje?

Tangu mwaka 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi hutolewa bure katika hospitali za umma nchini Kenya. Tangu 2016 mtu akipatikana na virusi huanzishiwa dawa mara moja, haingojwi CD4 zishuke. Wagonjwa wengi sasa humeza kidonge kimoja kwa siku. Akikimeza ipasavyo, virusi hupungua damuni hadi kipimo kisivione, na mtu wa aina hiyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Haya si maneno ya kufariji. Yamethibitishwa kwa uchunguzi wa maelfu ya wachumba. Mama mjamzito asiyetibiwa ana hatari ya asilimia 15 hadi 45 ya kumwambukiza mtoto wake, kuhesabu mimba, kuzaa na kunyonyesha. Akitibiwa vizuri hatari hiyo hushuka chini ya asilimia 5.

Kwa hivyo msomaji, yashike haya:

1. Pima hata kama hujisikii mgonjwa. Kipimo cha kawaida kinaweza kukosa maambukizi mapya, kwa hivyo ukiwa na wasiwasi wa tukio la karibuni, rudia baada ya miezi mitatu. Vifaa vya kujipima mwenyewe viko nchini tangu 2017.

2. Ukikumbwa na hatari ya ghafla, kama kubakwa, mpira kupasuka, au kudungwa na sindano iliyotumika, kimbia hospitali kabla ya saa 72 kwisha. Utapewa dawa za siku 28 za kuzuia. Kila saa inayopita inapunguza nafasi yako.

3. Ukiishi na mwenzi mwenye virusi, au ukiwa katika hatari ya mara kwa mara, ulizia dawa za kukinga kabla ya maambukizi.

4. Ukianza dawa, mchague mtu mmoja wa kumwambia. Simaanishi kijiji kizima. Mtu mmoja anayeweza kukuuliza jioni, "umemeza?" anatosha.

5. Sheria ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri kumlazimisha mtu kupimwa ili apewe kazi, na inamkataza yeyote, daktari pia, kutoa majibu yako kwa wengine bila idhini yako. Ijue haki yako.

Hofu mpya

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo kwa miaka mingi ilibeba sehemu kubwa ya huduma za Ukimwi nchini. Baadhi ya wahudumu walipoteza kazi, na hospitali nyingi zikaanza kuunganisha kliniki za Ukimwi na zile za wagonjwa wa kawaida wa nje. Kuna wagonjwa walioniuliza kama wafanye akiba ya vidonge kwa kumeza siku moja na kuruka moja. Jibu ni hapana, kabisa. Nusu dozi ni shule ya virusi. Meza kama ulivyoandikiwa, nenda tarehe uliyopewa, na dawa ikikosekana katika kituo kimoja waulize wahudumu kituo kingine kilicho karibu kabla hazijakwisha mkononi.

Wengine wanahofia kuonekana katika foleni ya wagonjwa wa kawaida. Lakini tuangalie upande mwingine. Katika foleni hiyo yumo mwenye sukari, mwenye shinikizo la damu, na mwenye pumu, na hakuna anayejua wewe umefuata nini. Huenda ukapata siri zaidi kuliko ulipokuwa ukipita mlango ambao kila mtu aliujua. Sisi wahudumu nasi tuna wajibu wetu. Tusimwite mtu kwa sauti tukitaja ugonjwa wake.

Kuzungumza juu ya kufa

Jambo la mwisho. Dawa zipo, lakini binadamu bado hufa, kwa saratani, kwa figo, kwa moyo, na wengine kwa Ukimwi waliouchelewesha. Jamaa wengi hunijia mlangoni wakininong'oneza, "Daktari, usimwambie mzee." Nao mzee, watoto wakitoka nje, huniuliza kama anakufa. Kila mmoja anamficha mwenzake kile ambacho wote wanakijua, na mgonjwa anabaki peke yake mwenye hofu, kama lile jina la albamu.

Nyimbo za Lutaaya zinatufundisha kwamba mgonjwa huweza kulisema jambo hilo mwenyewe akipewa nafasi. Mkalie karibu. Muulize anachoogopa zaidi. Mara nyingi si kifo chenyewe. Ni maumivu, au karo ya mtoto, au shamba lisilo na hati, au kuachwa peke yake usiku. Karibu kila moja ya hayo lina la kufanywa. Maumivu yanatulizwa. Hapa nchini Nairobi Hospice ilianza kazi hiyo mwaka 1990, na hospitali nyingi za umma sasa zina wahudumu waliofunzwa kutoa mofini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Si lazima mtu afe akipiga kelele. Wosia unaweza kuandikwa, na karo kupangwa.

Lutaaya hakuwa na tiba yoyote, na bado aliifanya miezi yake minane iwe na kazi. Wewe unayesoma ukurasa huu una tiba. Ikiwa kuna kipimo ulichokuwa ukikiahirisha, au barua ya kliniki uliyoikunja ukaitia mfukoni, nenda wiki hii. Na ikiwa kuna mtu nyumbani mwenu anayeugua na ambaye watu wameacha kumtembelea, mpitie jioni ya leo. Usiende na matunda tu. Keti, umsikilize.